Sanamu Mjini, Kaburi Magharibi

Ukitaka kuzuru makaburi ya watu wa historia jijini Nairobi, jua kwanza kwamba penye sanamu mara nyingi hapana mtu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, amesimama kwenye mtaa wenye jina lake, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, tangu tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Mwili wake ulifukiwa Kamiti bila alama yoyote, na familia yake imelitafuta kaburi hilo miaka nenda miaka rudi. Waziri Tom Mboya amesimama Moi Avenue, karibu na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, ila alizikwa kwao kisiwani Rusinga. Waliolala Nairobi kwelikweli utawapata nje ya katikati ya jiji, kuanzia Parklands na Kabete mpaka Ngong Road, chini ya miti, mahali ambapo matatu hupita kwa kasi na abiria hata hageuzi shingo.

Misri ya kale ilimrahisishia mzuru kazi. Ukifika Saqqara, piramidi la ngazi la Farao Djoser ndilo kumbukumbu na ndilo kaburi, vyote papo hapo. Nairobi unakwenda mara mbili: asubuhi kwa walio na shaba na hawana kaburi, mchana kwa walio na kaburi na hawana shaba. Tunafanana na Wamisri kwa jambo moja tu, nalo halikupangwa na mtu: wao wafu wengi waliwazika ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, jua linakozama, na sisi pia ukitafuta makaburi, sehemu kubwa ya safari unaelekea machweo.

Chagua siku kulingana na unachotaka. Jumapili asubuhi jiji limetulia, unaweza kusimama katikati ya Kenyatta Avenue ukasoma maandishi bila kupigiwa honi. Lakini ukitaka kuingia na jumba la nyaraka za taifa, lile ambalo kila mtu mjini huliita Archives, nenda siku ya kazi na uvumilie msongamano. Beba kitambulisho, au pasipoti kama wewe ni mgeni, kwa sababu utaulizwa zaidi ya mara moja. Vaa viatu vya kufunga vinavyostahimili tope jekundu. Chukua daftari, penseli na tochi ndogo; kazi ya tochi nitaieleza tukifika kwenye mawe. Simu iweke mfuko wa ndani ukiwa mjini, wala usiitoe kila hatua.

Anzia Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya Askari. Ni watu watatu wa shaba waliosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza: mpiganaji wa King's African Rifles, mwenzake wa kikosi cha Waarabu, na mpagazi. Mchongaji ni James Alexander Stevenson, yuleyule aliyetengeneza Askari wa Dar es Salaam na wenzake wa Mombasa, kwa hiyo msomaji wa Dar akifika hapa atahisi amewahi kuonana na hawa jamaa. Watu wengi hupiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, wakaenda zao. Wewe vuka taa zikiruhusu, ulizunguke jiwe la chini pande zote. Kuna Kiingereza, ambacho maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, kuna Kiswahili, na kuna herufi za Kiarabu. Soma pole pole, kisha tafuta jina la mtu. Hakuna hata moja.

Kutokuwepo kwa majina ndiko kunakokufungulia siku nzima, basi tulia hapo kidogo. Wapagazi waliokufa katika vita vile upande wa Waingereza walikuwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kambi yao ilikuwa pale palipo mtaa wa Kariokor sasa. Wakubwa wa wakati huo waliamua kwamba sanamu moja inawatosha wote, wakati mwanajeshi wa Kizungu alipata jiwe lake, jina lake na tarehe yake. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri jambo hilo waziwazi: kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na wa Misri. Naam, Misri hiyohiyo ambako kila mwaka watalii humiminika kusoma majina ya watu waliokufa miaka elfu nne iliyopita.

Ukitoka hapo shuka Kimathi Street ukamsalimie mwenyewe, kisha tembea mpaka Moi Avenue kwa Mboya. Hizo mbili hazihitaji muda mrefu. Archives iko hapohapo karibu na Mboya, na kama ni siku ya kazi ingia uone mkusanyo wa Joseph Murumbi wa sanaa ya Afrika. Usiupite mbio. Huyu Murumbi utakutana naye tena mchana, amelala, na ni vizuri kumjua kwanza kwa vitu alivyovipenda kabla ya kusimama mbele ya jiwe lake.

Kaburi moja kubwa lipo katikati ya jiji hasa, nalo ndilo gumu kuliko yote kulifikia: la Mzee Jomo Kenyatta, ndani ya ua wa Bunge. Aliaga dunia Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa hapo tarehe 31. Ukijitokeza tu getini utarudishwa. Ulinzi wa Bunge si mchezo, hasa baada ya waandamanaji kuingia ndani tarehe 25 Juni 2024. Shule na vikundi huandika barua mapema kuomba kutembelea Bunge, na hiyo ndiyo njia. Ukiwa peke yako utaridhika na kuangalia kwa nje, na ukiwa nje usiinue simu kupiga picha ya geti, ya walinzi wala ya kaburi lenyewe. Askari akikuuliza, jibu kwa upole, "Habari ya kazi, mkubwa, ninapita tu," halafu kweli upite. Ukitaka picha ya Mzee, nenda KICC, ng'ambo ya pili tu, ambako ameketi katika shaba iliyochongwa na James Butler mwaka 1973.

Kabla ya kupanda matatu, fika Uhuru Park, kona ya Freedom Corner. Mnara wa mashujaa wa Mau Mau ulizinduliwa tarehe 12 Septemba 2015, kwa pesa za serikali ya Uingereza, baada ya wazee walioteswa kwenye kambi za wakoloni kushinda hoja yao na kulipwa fidia mwaka 2013. Angalia vizuri jinsi wale watu wawili walivyosimama. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso wake upande mwingine. Akikamatwa mmoja, asiweze kumtambua mwenzake. Hilo ulione kwa macho yako, kwa sababu picha nyingi hupigwa kutoka upande unaolificha.

Sasa kula. Makaburini hakuna vibanda vya chakula, na kula mbele ya kaburi la mtu ni utovu wa adabu. Kule City Park, isitoshe, hutaruhusiwa kula kwa amani na kima wa pale.

City Park iko Parklands, kando ya Limuru Road. Panda matatu za Ruaka, mwambie makanga akushushe City Park, na ukiona soko la maua na mboga ujue umefika. Msitu huu una kima wengi waliozoea watu. Mfuko wa plastiki wakiuona hudhani ni ndizi, nao hawaombi. Kila kitu kiingie ndani ya begi lenye zipu. Usiwalishe hata kama watoto wengine wanawalisha. Kima aliyezoeshwa karanga humrukia mgeni wa kesho.

Ukishaingia, uliza kwa Murumbi. Wafanyakazi wa bustani wanapajua, na njia nzuri ya kuuliza si "Murumbi memorial iko wapi" bali salamu kwanza: "Habari ya kazi, mzee. Tumekuja kumwona Murumbi." Ukiuliza hivyo hutaonyeshwa njia kwa kidole tu, mara nyingi utasindikizwa. Akikusindikiza mtu, kumwachia kitu cha chai si vibaya, lakini kifanye mwishoni na kwa mkono wa kulia, si mwanzoni kana kwamba unanunua ruhusa. Bustani ni ya umma.

Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911, mama Mmaasai na baba Mgoa. Alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966, akajiuzulu. Aliaga mwaka 1990, akazikwa hapa, na mkewe Sheila akamfuata kando yake. Kuzunguka makaburi yao kuna sanamu za mawe za wachongaji wa Afrika Mashariki, na hiyo inalifanya eneo liwe kitu adimu Nairobi: mahali ambapo sanaa na mwenye kaburi wako pamoja. Chukua muda. Kaa chini. Sanamu hizi zilitengenezwa kutazamwa kwa kuzungukwa, na moss iliyoota juu ya baadhi yake si uchafu wa kukwangua.

Lakini kwa nini alitaka kulala hapa, wakati mtu wa cheo chake angepata heshima kubwa kwingineko? Kwa ajili ya rafiki. Hatua chache kutoka kwake, katika makaburi ya City Park, amelala Pio Gama Pinto, mwandishi na mpigania uhuru aliyepigwa risasi tarehe 24 Februari 1965 mbele ya nyumba yake, binti yake akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Yalikuwa mauaji ya kwanza ya kisiasa katika Kenya huru. Nenda kwa Murumbi kwanza, halafu kwa Pinto, kwa mpangilio huo. Ukianza na Pinto utaona kaburi la kawaida kati ya makaburi ya Wagoa. Ukianza na Murumbi utafika kwa Pinto ukiwa unajua kwamba mtu alikataa heshima ya mbali ili awe jirani yake.

Kwenye mawe kama haya ndipo tochi inapofanya kazi. Maandishi ya zamani yakifutika kwa mvua, watu hupata vishawishi vibaya: kupaka chaki, kusugua kwa brashi ya chuma, kumwagia maji ya sabuni. Vyote hivyo vinamaliza jiwe. Badala yake, lete mwanga kutoka ubavuni. Shika tochi, au taa ya simu, ikaribiane na uso wa jiwe upande mmoja, imulike kwa mshazari, na mtu mwingine atazame kwa mbele. Vivuli vitaingia ndani ya herufi na jina litajitokeza. Kama ni mchana mkali, lifunike jiwe kwa kivuli cha koti lako kisha umulike. Hakuna kemikali, hakuna kugusa. Andika ulichosoma kwenye daftari hapo hapo, maana picha ya simu ukiiangalia usiku nyumbani mara nyingi imelipoteza lile ulilolisoma kwa jicho.

Kabete ni kwa mwenye muda. Mwanamazingira Wangari Maathai, aliyeaga tarehe 25 Septemba 2011, hakuzikwa kwa jeneza la mbao. Alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili yake, kwa hiyo jeneza lake lilifumwa kwa magugu-maji na mafunjo juu ya fremu ya mianzi, mwili ukachomwa Kariokor, na majivu yakapelekwa kwenye taasisi yenye jina lake katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete. Ni eneo la chuo, si la utalii. Pita getini, toa kitambulisho, eleza unakokwenda, na wakikataa usibishane.

Magharibi zaidi, kwenye vilima vya Ngong, kuna kaburi la mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi tarehe 14 Mei 1931. Juu yake kaka yake alisimamisha nguzo ya mtindo wa Kimisri, ncha yake juu kama ya zile za Karnak. Watu wa sinema hupapenda. Mimi naona njia ni ndefu kwa kitu kimoja, na kama una nusu siku tu itumie kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasogelea. Panda 111, matatu za Ngong, zinazopakia upande wa Railways. Mwambie makanga, "Nishushe War Cemetery," na umkumbushe mkipita Dagoretti Corner, kwa sababu pamekaa pembeni ya msitu na ni rahisi kupitiliza mpaka Karen. Usiiache safari hiyo hadi jioni. Ngong Road jioni hurudi mjini kwa hatua za kinyonga, na msituni hapafai kutembea peke yako giza likianza kuingia. Kama mko wanawake wawili au mtu ana watoto, chukueni gari la programu ya simu mpaka ndani ya geti na mwombeni dereva asubiri.

Wanajeshi walianza kuzika hapa mwaka 1941, na leo kuna makaburi 1,952 ya Vita Kuu ya Pili. Ukiingia, usikimbilie ule msalaba mkubwa wenye upanga. Tafuta kwanza kijisanduku cha ukutani chenye daftari la majina na daftari la wageni. Andika jina lako, kisha fungua lile la majina, kwani ndilo litakalokuongoza: kila jina lina herufi na namba ya kaburi, sehemu, mstari na nafasi. Bila hilo utazunguka kwenye mistari ya mawe yanayofanana mpaka uchoke. Ukipata jiwe, lisome kuanzia juu: alama ya kikosi, namba ya jeshi, cheo, jina, tarehe, na chini yake msalaba au maandishi ya Kiarabu kulingana na dini. Kisha linganisha. Kwenye mengi ya mawe ya Wazungu utakuta umri na mstari wa maneno yaliyochaguliwa na familia. Kwenye mengi ya Waafrika nafasi hiyo ni tupu. Aliyejua umri wake hakuulizwa, na mama yake hakutumiwa fomu. Hata hivyo, jina lipo. Toka kwa Askari wa Kenyatta Avenue mpaka hapa ni kama vita viwili na miaka ishirini na kidogo, na ndani ya miaka hiyo mpagazi asiye na jina amepata mwana mwenye jina.

Kisha nenda kwenye kuta za majina, kumbukumbu ya Afrika Mashariki ya wasio na kaburi. Wengi walioandikwa hapo ni wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Walipanda meli Mombasa kwenda Ceylon, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldivi kwa dakika chache tu. Zaidi ya watu 1,200 walikufa. Meli iliitwa Khedive Ismail, jina la mtawala wa Misri. Simama mbali kidogo kwanza uone majina yalivyojazana, kisha karibia usome mstari mmoja mmoja. Utakutana na Wakamba, Wajaluo, Waganda, Wanyamwezi, na huenda jina la ukoo wako.

Ukikuta jina lako hapo, au ukiwa na babu aliyekwenda vitani asirudi, kazi ya kutafuta ndiyo inaanza. Namba ya jeshi ndiyo ufunguo kuliko jina, maana makarani waliandika majina walivyosikia: r na l zikabadilishana, h ikapotea, jina la baba likawa la mwana, wakati mwingine jina la kijiji likawa la mtu. Muulize nyanya yako au shangazi mkubwa kama kuna medali, kitabu cha malipo au barua iliyofungwa kwenye kitambaa. Kama medali ni ya Vita Kuu ya Kwanza, namba mara nyingi imechorwa kwenye ukingo wake, nyembamba, na tochi ile ile ya ubavuni itaionyesha. Tafuta kwenye rejesta ya mtandaoni ya tume ya makaburi ya vita kwa namba, kisha kwa kila namna unayoweza kuliandika jina lake. Ukikosa, waandikie, taja kikosi, wilaya ya zamani na mwaka aliotoweka, uambatishe picha ya hiyo medali pande zote mbili na ukingo wake. Na kama babu alikuwa mpagazi wa vita vya 1914, usikate tamaa kwa kuwa hakupewa medali: tangu ripoti ya 2021 wanatafuta majina hayo, na ushahidi wa mzee wa ukoo anayekumbuka jina, kijiji na aliyekwenda naye unafaa kuandikwa na kutumwa akiwa bado hai.